Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji, afya na utafiti: Mmepima maji yetu na meno ya watoto wetu, tunaomba majibu

KWA: Waheshimiwa viongozi wote mliopewa dhamana ya maji, afya na utafiti, kuanzia wilayani, mkoani mpaka taifani, pamoja na wakuu wa vyuo na taasisi zinazofanya tafiti kwenye vijiji vyetu.

KUTOKA: Mzazi, mkazi wa Arumeru, miteremko ya Mlima Meru, Arusha.

YAH: KURUDISHIWA MAJIBU YA TAFITI ZA FLORIDI KWENYE MAJI TUNAYOKUNYWA

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine wote habari za kazi.

Naandika hapa hadharani kwasababu njia za kawaida tumeshazipita zote. Tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akatupeleka kwa mtendaji, mtendaji akasema andikeni barua tukaandika, wazazi wakatia sahihi, ikapigwa muhuri wa kijiji, ikapelekwa ofisi husika ikapokelewa na nakala yenye tarehe ya kupokelewa tunayo mpaka leo. Baada ya hapo ikawa faili liko kwa fulani, fulani yuko semina, mara kahamishwa, mara leteni nyingine hiyo haionekani. Sitaji ofisi wala chuo kwa jina maana sitaki barua hii igeuke ugomvi na mtu mmoja wakati shida ni ya mfumo mzima, anayehusika akisoma atajijua. Ninachotaka mimi na wenzangu ni namba. Kwenye bomba ninalochota maji ya uji wa mwanangu floridi, yale madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ni kiasi gani, basi.

Kwa wasiotoka huku niwaeleze kidogo ili twende pamoja. Mlima Meru ni volkano, mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910, na miamba yake na majivu yake ya zamani yamejaa floridi. Mvua ikinyesha maji yanazama ardhini, yanapita kwenye ile miamba taratibu huku yanaiyeyusha floridi, yakija kutokea chini kama chemchemi yameshabeba mzigo wake. Na maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, sasa kalsiamu ndo ingeishika ile floridi ikaituliza chini, kwa kuwa haitoshi floridi inabaki humo humo imeyeyuka. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Unashika glasi ya maji masafi kabisa, ya baridi ya mlimani, na huwezi kujua chochote. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na ndo kiwango cha nchi yetu pia kwa sasa. Mto Maji ya Chai umeshapimwa ukaonekana na zaidi ya 10. Maziwa ya Momella ndo kabisa, huko wanahesabu kwa mamia.

Floridi kidogo ni nzuri kwa meno, ndo maana iko kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi inaharibu. Mtoto mdogo meno yake ya utu uzima yanakuwa bado yanajengwa ndani ya fizi, mpaka kama miaka 8 hivi, na akiwa anakunywa maji yenye floridi nyingi kipindi hicho meno yanatoka tayari yameshaharibika, yana madoa meupe kama chaki, alafu kahawia, mengine yana vishimo. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, viungo vinauma, na watoto miguu inapinda. Haya hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Yanazuilika tu, na kuzuia kunaanza na kujua.

Sasa malalamiko yetu ni haya.

1. Tumepimwa vizazi na vizazi lakini hatuambiwi.

Utafiti kuhusu floridi kaskazini mwa nchi hii sio wa jana. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walishachapisha kwenye jarida la kisayansi kuhusu ugonjwa huu mkoa wa kaskazini wa Tanganyika kama ulivyoitwa, mwaka 1967 wakachapisha tena. Mwaka 1980 ikatoka nyingine yenye picha za eksirei za mifupa ya watoto wa huku. Wizara ya maji ikaweka kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto, wataalamu wake wamefanya kazi kubwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao unainasa floridi, na naiheshimu. Kukaja mradi wa FLOWERED, wa kutafuta njia za kuondoa floridi kwenye maji, kwa fedha za Umoja wa Ulaya kuanzia 2016, Tanzania, Kenya na Ethiopia kwa pamoja. Na hapo sijataja wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu ambao kila baada ya muda unawaona na vichupa vyao kwenye chemchemi.

Yani miaka zaidi ya sitini dunia inajifunza kuhusu floridi kupitia maji yetu, meno yetu na mifupa ya wazee wetu. Nauliza kwa heshima, ni mama gani kwenye kitongoji chetu aliyewahi kupewa karatasi inayosema bomba lenu lina kiasi hiki? Mimi simjui na nimeuliza nyumba kwa nyumba.

2. Ridhaa mlichukua, ahadi hamkutimiza.

Hili nilikuwepo. Walikuja na gari, vijana wastaarabu kabisa, wakaomba ruhusa kwa mtendaji, wakakusanya kina mama na watoto shuleni. Wana vichupa vyeupe vya plastiki vimeandikwa namba kwa makapeni. Wakakinga maji ya bomba letu, wakasimama pale pale na simu wakachukua na GPS. Wakachukua mkojo wa watoto wa asubuhi. Mtoto anaambiwa afungue mdomo, mmoja amevaa glavu anavuta lipsi kwa vidole viwili juu na chini, mwingine anapiga picha meno. Mama mkwe wangu hajui kuandika, akabonyeza dole gumba kwenye wino akaweka kwenye fomu, na kabla ya kubonyeza alisomewa kwamba matokeo yataletwa kijijini. Tukapewa sukari na sabuni mche mmoja mmoja tukashukuru. Gari likaondoka.

Kile kichupa cha bomba letu kilikuwa na namba, niliiona kwa macho yangu. Kwahiyo waheshimiwa, kwenye kompyuta ya mtu fulani saa hizi kuna mstari una namba ya kile kichupa, pembeni kuna GPS ya bomba letu na pembeni yake kuna jibu. Mtu ambaye hajawahi kunywa yale maji anaujua ukweli wake na sisi tunaoyanywa kila siku hatuujui, na hapo ndipo panaponiuma kuliko nilivyoweza kueleza kwenye ile barua yenye muhuri.

Na sio kwamba tunaomba fadhila. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka huo huo wa 1964, lilivyorekebishwa 2013 linasema wazi kwamba anayeshiriki utafiti wa tiba apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Katiba yetu ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sasa kama maji ya kunywa sio suala muhimu kwa jamii sijui lipi ni muhimu.

Kuna kitu kingine nimejifunza kwa kuulizauliza. Cheti cha kibali cha maadili kinachotolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huwa kina masharti, mojawapo ni ripoti ya maendeleo ipelekwe wizarani, NIMR, na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya kila baada ya miezi 6. Sharti zuri. Ila angalieni inapoishia hiyo safari ya ripoti, inaishia wilayani. Kijiji hakimo. Mwenye mkojo hayumo, mwenye bomba hayumo.

3. Kiwango kilipandishwa kwa ajili yetu na hakuna aliyekuja kutueleza maana yake.

Wengi hamjui au mmesahau, mwaka 1974 nchi ilijiwekea kiwango cha muda cha floridi kwa maji ya vijijini cha miligramu 8 kwa lita. Nane. Sababu naielewa, kipindi kile vyanzo vingi vingefungwa na watu wangekosa maji kabisa, na maji yenye floridi bado ni afadhali kuliko kukosa maji au kunywa ya dimbwi lenye kipindupindu. Silaumu waliokaa kwenye kile kikao. Baadae ikashuka ikawa 4, na sasa ni 1.5. Lakini kiwango kile cha muda kilikaa miongo, watoto wamezaliwa, wameota meno, wamezaa na wao, na wazazi wao hawakuambiwa kwamba maji haya yameruhusiwa kwa shida sio kwamba ni salama, jitahidini mtoto mdogo msimpe, tafuteni ya mvua. Maneno hayo machache yangeokoa meno ya watu wengi sana. Na leo kiwango kimeshuka kwenye karatasi ila bomba ni lile lile na chemchemi ni ile ile, je limepimwa upya? Limefungwa? Linachanganywa na maji mengine? Hatujui.

4. Ushauri mnaotupa unahusu vijidudu peke yake.

Hapa naomba mnivumilie nitaandika kirefu kidogo. Kila zahanati ya huku ina bango linasema chemsha maji ya kunywa. Ni kweli kabisa, kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na typhoid na tusiache. Lakini kuchemsha hakuondoi floridi, na kadri maji yanavyopungua kwenye sufuria ile floridi inabaki kwenye maji kidogo yaliyobaki, kwahiyo inakuwa kali zaidi. Dawa ya kutibu maji ya klorini nayo haiiondoi. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliiondoi. Sasa mama anayejitahidi, anachemsha, anachuja, anahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, anaamini mwanae yuko salama, na yeye ndo alipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa.

Twende jikoni. Makande ya huku yanakaa jikoni masaa, maji yanakauka unaongeza, yanakauka unaongeza, na ili maharage yalainike haraka tunaweka magadi. Watafiti wameshaandika miaka mingi kwamba magadi nayo yana floridi na yanahusishwa na meno kuharibika hata sehemu ambazo maji yake sio mabaya sana. Majani ya chai nayo yana floridi yake. Kwahiyo mtoto anakunywa maji, anakunywa chai, anakula makande, vyote vimebeba. Hili watafiti wanalijua. Nilivyomweleza jirani yangu kuhusu magadi alinyamaza alafu akaniuliza mbona kliniki hawajawahi kusema, sikuwa na jibu la kumpa.

Na kuna habari njema pia ambazo hatuambiwi, ndo maana nasema kutuficha kunatuumiza pande zote mbili. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floridi nyingi. Maana yake miezi 6 ya kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine ni kinga kubwa kwa kijiji kama chetu, na hatari inaanza pale tunapomwanzishia uji. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Lishe yenye kalsiamu, maziwa na dagaa, inasaidia mifupa ya mtoto. Familia haihitaji kubadilisha maji yote, ya kufulia, kuoga na ng'ombe endelea na hayo hayo, ni ndoo moja tu ya kunywa na kupikia ndo itafutiwe chanzo kizuri. Je hayo yanahitaji mabilioni? Yanahitaji mtu aje aseme, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji.

5. Watoto wetu wanabeba aibu isiyo yao.

Nchi nzima inajua meno ya Arusha. Kijana wetu akifika Dar au Mwanza akicheka tu mtu anamuuliza wewe wa Arusha eh. Wengine wameshazoea, wengine wanajifunza kucheka wameziba mdomo na mkono, hasa mabinti. Kibaya zaidi ni shuleni, maana kuna walimu wageni wanafikiri mtoto hapigi mswaki, anasimamishwa mbele ya wenzake anaambiwa mchafu. Mwanangu wa kati alirudi siku moja ufizi unatoka damu, amesugua meno kwa mchanga na mkaa. Doa la floridi liko ndani ya jino lenyewe, halisuguliki, unachofanya ni kumaliza jino. Karatasi moja tu kutoka kwa watafiti kwenda kwa mwalimu mkuu ingetosha kumwambia mwalimu kwamba huyu mtoto hana kosa.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua kwasababu mengine tumeshapewa kwa mdomo, acha niyajibu mapema tusipotezeane muda.

Mtasema matokeo yalishachapishwa. Ni kweli, kwenye majarida ya Kiingereza ambayo mengine kuyafungua lazima ulipe kwa dola, na ukifanikiwa kuyafungua kijiji chako hakina jina, kimeandikwa kwa herufi na namba. Mtu mwenye shahada anaweza akatafuta, bibi aliyebonyeza dole gumba atatafuta wapi?

Mtasema ni siri za washiriki. Bomba la kijiji sio mgonjwa, halina siri. Na majibu ya mkojo wa mwanangu ni ya mwanangu, mimi mzazi wake nikiyaomba hamvunji siri ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake mwenyewe, kwahiyo isitumike kama ukuta wa kumzuia mwenye taarifa.

Mtasema wananchi watapata taharuki. Hili ndo naliona linatuvunjia heshima zaidi maana linatuchukulia kama hatuwezi kusikia ukweli kuhusu maisha yetu. Nawapa mfano wa Bangladesh. Kule visima vya pampu viligundulika vina aseniki, sumu ambayo ni mbaya kuliko floridi, na wao walikuwa na visima mamilioni. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni walipima karibu visima milioni 5, kibovu wakakipaka rangi nyekundu, kizuri kijani. Visima kama milioni 1.4 vikapakwa nyekundu. Haikuwa kazi kamilifu na shida yao haijaisha, lakini familia nyingi zilivyoona nyekundu kwao na kijani kwa jirani zilianza kwenda kuchota kwa jirani. Mkulima asiyejua kusoma anaelewa rangi. Watu wale ni maskini kama sisi na hawakuandamana, walibadilisha kisima. Na huku kwetu chemchemi zilizo karibu karibu zinaweza kutofautiana sana kwa floridi, kwahiyo inawezekana kabisa kuna mama anapita bomba zuri kila asubuhi kwenda kuchota kwenye baya kwasababu tu foleni yake ni fupi.

Mtasema hamna maji mbadala. Hata kama bomba haliwezi kufungwa leo, namba inatusaidia kuamua. Nikijua liko kwenye 2 nitafanya hivi, nikijua liko kwenye 9 nitauza mbuzi ninunue simtanki na mabati ya kukinga mvua kwa ajili ya mtoto mdogo. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa shilingi bilioni 520 tunaushukuru, wenzetu waliofikiwa wamepona, sisi ambao bomba lake halijatufikia tuambieni tuishi vipi tukisubiri. Na waliogawiwa chujio la mkaa wa mifupa nao wanahitaji kupimiwa, maana ule mkaa huwa unajaa, ukishajaa maji yanapita tu na floridi yake na kwa macho huoni tofauti yoyote. Chujio bila kipimo linampa mtu imani ya uongo.

Mtasema bajeti. Maji yameshapimwa, gharama ilishalipwa. Kilichobaki ni kuprinti karatasi na nauli ya mtu mmoja. Kama mradi ulikuwa na fedha za kuja mpaka shuleni kwetu na vichupa, kurudi na karatasi kulipaswa kuwemo kwenye bajeti ile ile tangu siku ya kwanza.

Mtasema mwanafunzi alishamaliza shahada akaondoka. Basi chuo kipo, msimamizi wake yupo, aliyetoa kibali yupo. Mwanafunzi hakuja kama yeye, alikuja na barua yenye nembo.

Kwahiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, majibu yote ya floridi ya mabomba, visima na chemchemi za Arumeru yaliyoko kwenye taasisi za umma na vyuo yakusanywe sehemu moja na yabandikwe kila ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, jina la chanzo, tarehe ya kupimwa na namba. Yale ya zamani sana yaandikwe kwamba ni ya zamani. Msisubiri yakamilike yote, anzeni na mliyonayo.

Pili, kila bomba la kijiji lipakwe rangi kulingana na floridi yake na lipimwe tena kiangazi na masika, maana maji hubadilika kwa msimu. Vifaa vya kupimia vya mkononi vipo, mafunzo kwa mhudumu wa afya wa jamii au fundi wa jumuiya ya maji hayawezi kushindikana.

Tatu, wizara za maji na afya zikubaliane kauli moja. Kliniki ya mama na mtoto kwenye maeneo ya floridi iseme kuhusu kunyonyesha, uji, maji ya mvua na magadi, sambamba na kuchemsha. Na walimu wapewe maelezo kuhusu meno.

Nne, na hili ni kwa COSTECH, yaani tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, NIMR na kamati zote za maadili, kibali cha utafiti kiwe na sharti la kurudi kijijini, lenye tarehe, na mtafiti asiporudi yeye na taasisi yake wasipewe kibali kingine mpaka warudi. Wasani, moja ya jamii za asili za Afrika Kusini, mwaka 2017 walijitungia kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti baada ya kuchoka kufanyiwa kama tunavyofanyiwa sisi, wanadai heshima, uaminifu, haki na kujali, na mtafiti akienda kwao anajua anaingia nyumba ya watu. Tukiendelea kupuuzwa na sisi mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kuandika masharti yetu kabla ya kichupa kingine kukingwa.

Tano, watoto ambao tayari miguu imepinda waangaliwe. Walishapigwa picha kwa ajili ya utafiti, wapigwe na kwa ajili ya matibabu. Kuna mmoja namfahamu anatembea kilomita kwenda shule huku magoti yake yanapishana, mama yake ni mjane, na picha yake ya miguu ilishachukuliwa na mgeni. Daktari wa mifupa hajawahi kumuona.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 kwa ofisi inayoshikilia taarifa kujibu ombi. Barua yetu ya kwanza ilishazipita hizo siku zamani. Tunaihesabu barua hii kama ombi jipya, na siku zinaanza leo. Zikiisha bila jibu tutaitisha mkutano wa kijiji, tutasoma barua hii na orodha ya ofisi zilizopokea, na tutaendelea na ngazi inayofuata kisheria. Tukijibiwa pia tutaweka hadharani hapa hapa na tutashukuru kwa sauti ile ile tuliyolalamikia.

Watafiti mnaosoma hii, wengine ni vijana wetu kabisa mmezaliwa huku na meno yenu yanajua ninachosema, milango yetu bado iko wazi. Hatutaki utafiti uishe, tunautaka sana, njooni mpime, mkimaliza mrudi mtuambie. Na kama wewe ni yule uliyekinga maji kwenye bomba letu na ule mstari bado uko kwenye laptopu yako, hata kabla ya ofisi hazijajibu, unaweza ukampigia mtendaji simu leo jioni ukamtajia namba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, kwa niaba ya wazazi waliotia sahihi barua ya kwanza.
Arumeru, Arusha.

Nakala:
- Mtendaji wa kijiji, kwa ajili ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo
- Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji
- Mwalimu mkuu na kamati ya shule
- Mganga mfawidhi wa zahanati
- Makundi yote ya WhatsApp ya wazazi, tafadhali msambaze kama ilivyo